Injini Ikifunguliwa Mara ya Pili

Mwenye motakaa kuukuu ana mambo mawili ya kuogopa. La kwanza ni injini iliyochoka. La pili, nalo ni baya kupita la kwanza, ni injini iliyochoka ikaundwa upya kwa haraka. Injini iliyochoka haifichi umri wake: hula oili, hutoa moshi, hupungua nguvu kidogo kidogo, na mwenyewe hupata nafasi ya kujiweka tayari. Lakini injini iliyoundwa upya vibaya ina spea mpya, rangi mpya na makosa mapya, na yote yamefungwa ndani pamoja. Mwenyewe amekwisha kulipa fedha zake. Kila akisikia mlio asioujua hujiambia kwamba ni ugeni tu, utakwisha. Mara nyingi hauishi mpaka injini yenyewe iishe.

Yaliyompata mkulima mmoja wa Kinangop yatatosha kuwa mfano. Mkulima huyo alikuwa karani kwa miaka thelathini, kisha akastaafu na kurudi kwenye ng'ombe wake na viazi vyake. Majirani bado humwita Bwana Karani. Baba yake alimwachia Land Rover ya mwaka 1964, nayo haikuwa pambo la uani. Wakati wa masika, barabara za udongo za huko huteleza kama sabuni, na malori hayafiki. Gari hilo ndilo lililokuwa likipeleka maziwa ya nyumba kumi na nne mpaka penye kupokelea. Likilala siku moja, maziwa ya nyumba kumi na nne huharibika.

Basi lilipoanza kutoa moshi mwingi na kushindwa kupanda vilima, Bwana Karani aliuza mtamba mmoja, akampa kazi kijana wa jirani yake, ambaye alikuwa ametoka chuo cha ufundi na kufungua gereji ndogo karibu na soko. Kijana aliifumua injini, akapeleka silinda na kranki kuchongwa mjini, akarudisha kila kitu na kukifunga. Gari likawaka. Mwenyewe akaliendesha kwenda na kurudi sokoni, kama kilomita 40 zote pamoja. Aliporudi nyumbani, injini ilikuwa ikigonga, moshi wa samawati ukitoka nyuma, na taa ya oili ikiwaka na kuzimika.

Jioni hiyo Bwana Karani alisema mbele za watu, "Kijana huyu amenila mtamba wangu." Neno hilo lilifika sokoni kabla ya jua kuchomoza. Kwa fundi aliyefungua gereji mwaka huo huo, neno la namna hiyo ni sawa na kufungiwa mlango. Baba wa kijana, kwa kuona ujirani wa miaka mingi unaharibika, alikwenda kumwita fundi mmoja mzee aliyekuwa amefanya kazi muda mrefu katika karakana ya magari ya Serikali, wakati Land Rover zilipokuwa nyingi. Mzee alikubali kuja kwa sharti moja: injini isiguswe mpaka afike, na itakapofunguliwa, mwenye gari na kijana wote wawili wawepo.

INJINI YENYEWE

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Injini ya petroli ambayo wengi wanaifahamu, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ilianza kutiwa mwaka 1958, nayo ilidumu miaka mingi kwa kuwa ni nzito, ya taratibu na yenye kuvumilia. Kila silinda ina upana wa milimita 90.47, na pistoni husafiri milimita 88.9 kwenda juu na kushuka. Mpaka mwaka 1980 kranki yake ilishikwa na beringi kuu tatu tu, si tano. Kwa hiyo kila beringi hubeba mzigo mkubwa, na oili isiyofika mahali pake huleta hasara upesi.

Uvumilivu huo ndio huwadanganya mafundi. Kwa sababu injini hii huweza kwenda hata ikitendewa vibaya, watu hudhani kwamba huweza kuundwa bila vipimo. Jambo hilo si kweli. Nafasi iliyopo kati ya beringi na chuma cha kranki ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Ndani ya nafasi hiyo ndimo oili inamotakiwa kupita na kukiinua chuma kisiguse chuma chenzake. Hapana jicho liwezalo kuipima nafasi hiyo, wala hapana kidole.

KUSIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA

Mzee alipofika hakushika spana. Aliomba kiti na daftari la shule. Akauliza maswali na kuandika majibu: mlio ulianza lini, injini ikiwa moto au baridi, oili gani ilitiwa, na kiasi gani, nani alinunua spea, silinda zilichongwa wapi, na karatasi ya vipimo iko wapi. Karatasi ya vipimo haikuwapo. Alipouliza habari za spea, Bwana Karani alijibu upesi kwamba alizinunua mwenyewe Nairobi, ili asiibiwe.

Kisha mzee aliizunguka injini akiitazama tu. Aliona nati mbili zilizotafunwa pembe, maana zilikuwa za vipimo vya inchi na zilishikwa kwa spana za milimita. Akaona pia gundi ya silikoni imefurika nje ya ukingo wa sampu, yaani karai la oili lililo chini ya injini. Akamwambia kijana kwa sauti ya upole, "Gundi iliyotoka nje ina mwenzake aliyeingia ndani. Tutamtafuta."

Gari hilo halikuwa na saa ya kuonyesha nguvu ya oili. Lilikuwa na taa tu, na taa huwaka wakati hatari imekwisha kuingia. Mzee aliifungua swichi ya taa na mahali pake akafunga saa ya kupimia aliyokuja nayo. Kitabu cha gari hilo chasema kwamba injini ikiwa moto na kuzunguka mara 2,000 kwa dakika, saa yapasa kuonyesha kati ya ratili 35 na 65 kwa inchi mraba. Injini ilipowashwa, mshale ulipanda mpaka 30. Kijana alipokanyaga mafuta kidogo, badala ya kupanda zaidi, mshale ulishuka mpaka 15.

Mzee alieleza maana yake. Beringi zikiwa zimelegea tu, nguvu ya oili huwa ndogo, lakini huongezeka kidogo injini inapokwenda mbio, kwa kuwa pampu nayo huzunguka mbio. Ikishuka wakati ambapo yapasa kupanda, yaelekea pampu yenyewe ina kiu: oili ipo, lakini haifiki kwenye pampu.

Injini ikiwa bado yanguruma taratibu, mzee alishika waya za plagi kwa koleo lenye mpini wa mpira, akazichomoa moja baada ya moja na kuzirudisha. Silinda ya kwanza, mgongo ule ule. Ya pili, ule ule. Alipochomoa waya ya tatu, mgongo ulipungua ukawa kama mtu agongaye mlango kwa kitambaa. Silinda isiyowaka haisukumi pistoni kwa nguvu, na kwa hiyo beringi iliyolegea chini yake hupumzika. Kisha akazima injini mara moja. Haikuwa imenguruma hata dakika mbili.

NAMBA NAZO ZAWEZA KUDANGANYA

Sasa plagi zote nne zilitolewa, na silinda zikapimwa nguvu ya kubana hewa, moja moja, kanyagio la mafuta likiwa limekanyagwa mpaka mwisho. Mzee hakutafuta namba kubwa. Alitafuta namba zinazolingana. Silinda ya kwanza ilitoa ratili 130, ya pili 85, ya tatu 128 na ya nne 135.

Bwana Karani, mtu wa hesabu, alisema, "Basi ya pili ndiyo mbovu, na ya nne ndiyo nzima kuliko zote." Mzee alitikisa kichwa. Alitia kijiko kimoja cha oili katika silinda ya pili, akapima tena. Ikatoa 88. Kama pete za pistoni, ambazo mafundi huziita ringi, zingekuwa ndizo zinazovujisha hewa, oili ile ingeziba nafasi kwa muda na namba ingepanda sana. Kwa kuwa haikupanda, hewa ilikuwa ikipita juu, kwenye valvu.

Kisha akaichukua plagi ya silinda ya nne na kumpa Bwana Karani mkononi. Ilikuwa nyeusi na imelowa oili. "Silinda hii," alisema, "yabana vizuri kwa sababu imejaa oili inayoziba. Namba yake ni ya karani aliyejaza daftari vizuri huku sanduku la fedha ni tupu." Watu wakacheka, na Bwana Karani naye akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

Kosa la valvu halikuhitaji kufunguliwa kitu kikubwa. Kati ya kila valvu na mkono unaoisukuma hutakiwa nafasi ya inchi 0.010, yaani robo ya milimita. Nafasi hiyo hupimwa kwa bamba jembamba wakati valvu imefungwa kabisa. Kwa injini hii ya valvu nane iko kanuni rahisi ya kujumlisha tisa: valvu ya nane ikiwa wazi kabisa, ipimwe ya kwanza, ya saba ikiwa wazi, ipimwe ya pili, ya tano ikiwa wazi, ipimwe ya nne, na vivyo hivyo, namba mbili zikijumlishwa daima ziwe tisa. Kijana hakuijua kanuni hiyo. Alipima kwa kubahatisha, na valvu ya nne, ambayo hutoa moshi wa silinda ya pili, haikuwa na nafasi hata kidogo. Kwa hiyo haikuweza kufunga. Iliporekebishwa, silinda ya pili ilitoa 127. Kama gari lingeendeshwa wiki nyingine mbili, ukingo wa valvu hiyo ungeungua, na mtu mwingine angeuziwa kichwa cha injini bila sababu.

YALIYOKUWA NDANI

Baada ya hapo oili ilimwagwa katika karai safi juani. Ilimetameta kama maji yaliyotiwa unga wa fedha. Mzee alipitisha sumaku, isishike kitu, akajua kwamba unga ule watoka kwenye madini laini ya beringi wala si chuma cha kranki. Ilikuwa dalili mbaya yenye faraja ndani yake.

Sampu ilipoteremshwa, chujio la pampu lilikuwa limefunikwa na nyuzi za silikoni, kama mtoto aliyejaza tambi mdomoni. Gundi iliyopakwa kwa wingi ilikuwa imekatika kwa ndani, ikaelea katika oili na kuvutwa mpaka kwenye chujio. Injini ilipokwenda mbio zaidi, nyuzi zilibana zaidi, na pampu ikanyimwa oili. Mahali pale palihitaji gasketi ya karatasi na gundi kidogo kwenye pembe tu.

Kisha kikafunguliwa kifuniko cha mkono wa pistoni ya tatu. Beringi ya hapo ni nusu mbili za bamba jembamba, moja juu na moja chini. Kranki ikichongwa ili kuondoa michubuko, chuma chake hupungua, na kwa hiyo lazima zitiwe beringi nene zaidi zinazolingana na kiasi kilichochongwa. Kiasi hicho hupigwa muhuri mgongoni mwa kila nusu. Kranki hii ilichongwa inchi 0.020. Mzee alizigeuza nusu mbili na kuziweka juu ya kitambaa cheupe. Ya juu iliandikwa 020. Ya chini iliandikwa 010.

Kijana aliinama kichwa. Nusu moja nyembamba kupita mwenzake ilikuwa imeongeza inchi 0.005 katika nafasi ambayo yote yapasa kuwa kama inchi 0.002. Hicho ndicho kilichokuwa kikigonga. Alipaswa kusoma mgongo wa kila nusu kabla ya kuifunga, naye hakusoma.

Lakini mzee hakumaliza. Aliomba aletewe sanduku ambamo beringi zilinunuliwa. Lilipoletwa, ilionekana kwamba karatasi ya kufungia ilikuwa imekatwa na kubandikwa tena kwa utepe. Akamwuliza Bwana Karani kama lilikuwa hivyo dukani. Bwana Karani alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ndiyo, lilikuwa hivyo, na kwamba mwenye duka alimpunguzia bei. Huyu ni mtu ambaye katika miaka thelathini ya ofisi hakupokea hata rimu moja ya karatasi bila kuihesabu, wala hakutia sahihi hati bila kuisoma mpaka chini. Siku ile alipokea vipande vinane vya beringi bila kugeuza hata kimoja.

Kichwa cha injini kiliondolewa, na pistoni ya nne ikatolewa. Ringi moja yake, yenye neno TOP lililopigwa ubavuni ili kuonyesha upande wa juu, ilikuwa imetiwa juu chini. Ringi ya namna hiyo ina ukingo ulioinama: ikikaa sawasawa hukwangua oili na kuirudisha chini, ikipinduliwa huipandisha juu ikaungue. Moshi wa samawati ulitoka hapo. Mzee alimwuliza kijana ilikuwaje, maana pistoni tatu nyingine zilikuwa sawa. Kijana alijibu, "Mzee, hiyo ya nne niliitia usiku, kwa mwanga wa simu. Baba alikuwa amekuja mara tatu siku hiyo kuuliza gari linatoka lini." Bwana Karani hakukana.

Jambo la mwisho lilikuwa dogo kwa macho na kubwa kwa madhara. Mzee alipangusa ukuta wa silinda kwa kitambaa cheupe, kikatoka na weusi. Silinda ikichongwa na kupigwa msasa hubaki na vumbi la jiwe ndani ya mikwaruzo. Kijana aliisafisha kwa petroli, kama wengi wafanyavyo. Petroli huondoa mafuta lakini huliacha vumbi lile limeshika palepale, na vumbi hilo husaga ringi mpya kama kinu. Dawa yake ni maji ya moto, sabuni na brashi ngumu, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kisha silinda ikaushwe na kupakwa oili papo hapo, kwa kuwa chuma kilichooshwa hushika kutu kabla ya mtu kumaliza chai yake.

KUFUNGA KWA VIPIMO

Kwa kuwa palikuwa na vumbi kwenye silinda, na unga wa beringi katika oili, mzee alisema injini nzima itolewe na kufumuliwa mpaka mwisho. Bwana Karani aliuliza kama haitoshi kubadili beringi moja na ringi moja. Mzee akajibu kwamba njia za oili zilizo ndani ya chuma huenda zimekusanya uchafu ule ule, na uchafu haujui kwamba mwenye gari amechoka kulipa. Vizibo vya njia hizo vikatolewa, njia zikasuguliwa kwa brashi ndefu na kuoshwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kranki ilipimwa kwa mikromita, kila mahali pa beringi mara mbili kwa mkingamo, ikaonekana bado ni duara. Zilinunuliwa beringi mpya za mikono yote minne, na safari hii Bwana Karani alizisoma migongo zote nane kaunta, mwenye duka akitazama. Nafasi ya kila beringi ilipimwa kwa uzi laini wa plastiki, ambao huwekwa juu ya chuma na kubanwa. Ukitanuka sana nafasi ni ndogo, ukitanuka kidogo nafasi ni kubwa. Ringi zilitiwa kwanza ndani ya silinda peke yake ili kupima mwanya wa ncha zake, ambao kwa kadiri ya kawaida ni kama inchi 0.004 kwa kila inchi ya upana wa silinda. Mianya ikapangwa isielekee upande mmoja. Kila kifuniko kilirudi kwa mkono wake wenye namba yake. Bolti za kichwa zilikazwa kwa spana ya kupimia mkazo, kwa hatua, kutoka katikati kwenda nje, mpaka ratili-futi 65.

Aliyefanya kazi hiyo yote kwa mikono yake alikuwa kijana. Mzee aliketi na daftari, akaandika kila kipimo, na kijana akatia sahihi chini ya kila ukurasa. Kazi ilichukua siku tano. Jua lilipotua, spana ziliwekwa chini, na hapana mtu aliyekuja kuuliza gari linatoka lini.

Kabla ya kuwasha, plagi ziliachwa nje na injini ikazungushwa mpaka saa ya oili ilipoonyesha kwamba oili imefika. Ilipowaka, haikuachwa kunguruma taratibu kwa saa nzima kama desturi ya wengine, kwa kuwa ringi mpya hukaa mahali pake kwa kufanya kazi. Gari lilipelekwa barabarani bila mzigo, mwendo ukibadilishwa, kupanda na kushuka. Injini ilipopoa, bolti za kichwa zilikaguliwa tena na nafasi za valvu zikapimwa upya. Oili ya kwanza ilimwagwa baada ya kilomita 500. Injini ikiwa moto, saa ilisimama kwenye 50.

HESABU YA MWISHO

Ilibaki hesabu ya fedha. Mzee alisoma daftari kwa sauti. Gundi ya silikoni, valvu, vumbi na kutosoma muhuri: hayo ni ya fundi. Sanduku lililokuwa limefunguliwa na haraka iliyoleta kazi ya usiku: hayo ni ya mwenye gari. Basi kijana alitoa kazi yake ya siku tano bila malipo na kununua gasketi zote. Bwana Karani alilipa beringi, ringi na oili, pamoja na posho ya mzee. Hapana aliyefurahi, na hapana aliyesema ameonewa.

Mtu yeyote atakayetaka injini yake iundwe upya, ya motakaa, ya trekta au ya mashine ya kusaga, na achukue mafunzo machache hapa. Adai karatasi ya vipimo kutoka kwa mchongaji, na aisome. Ageuze kila kipande cha spea kabla ya kukilipia. Afunge saa ya oili, kwa kuwa taa huchelewa. Akisikia mgongo, azime, maana kilomita 40 zilimwachia Bwana Karani kranki nzima, na kilomita 400 zisingemwachia. Na injini iliyokosewa isifunguliwe kwa hasira: isikilizwe, ipimwe, iandikwe, ndipo ifunguliwe. Aifunguaye kwa hasira hutafuta mtu wa kulaumu, na akishampata huacha kutafuta makosa yaliyobaki.

Jumamosi iliyofuata, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, Land Rover ilifika penye kupokelea maziwa na makopo ya nyumba kumi na nne. Mtu mmoja aliuliza ni fundi gani wa mjini aliyeitengeneza. Bwana Karani alimtaja kijana wa jirani yake, kwa sauti ya kusikika na wote. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, habari ya sanduku la beringi.